Ngege wa kizimba na ngege wa ziwa: jinsi ya kupima nani anakua haraka, na kwa nini

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Masese, Jinja, kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, kuhusu ngege (sato, au tilapia) tunaowafuga kwenye vizimba vya nyavu majini, ni hili: ngege wa vizimba mnawapa dawa gani hata wanakua upesi hivyo? Wanauliza akina mama wanaonunua rejareja, wanauliza vijana wa boda boda wanaobeba maboksi ya barafu, na siku moja aliniuliza mpishi wa hoteli, kijana aliyezoea kupika samoni wa Norwei anayeletwa na ndege.

"Mama, samaki wa kufugwa mimi namjua," aliniambia. "Samoni wa kufugwa ana mafuta, wa mtoni amekauka. Na huyu wako naye amekua upesi mno."

"Upesi kuliko nani, mwanangu?"

"Kuliko wa ziwa."

"Na huyo wa ziwa ana miezi mingapi?"

Mazungumzo mengi ya aina hii hukwama hapo. Wa kizimba najua tarehe aliyoingia na uzito aliokuwa nao. Wa ziwa hakuna anayejua alianguliwa lini. Watu wanatazama ukubwa, kisha wanauita ukuaji. Ukubwa ni gramu. Ukuaji ni gramu kwa siku, na kama huna hesabu ya siku, hujapima kitu.

Mimi ni mzaliwa wa Panyimur, kando ya Ziwa Albert, ambako mwaloni, pale boti zinapoteremsha samaki, biashara inakwenda kwa Kiswahili kwa sababu wanunuzi wengi wanavuka kutoka Congo. Nilikausha na kuuza samaki wa ziwa kabla sijaja huku Victoria kushika daftari la vizimba. Nawajua wote wawili, na sina haja ya kumsema mmoja vibaya ili mwingine auzike. Nitaeleza namna ya kuwapima kwa vifaa ambavyo mfugaji mdogo anaweza kuvipata, na namna ya kusoma majibu bila kujidanganya.

Kwanza, samoni

Nianze na samoni kwa sababu ndiye samaki ambaye swali hili limepimwa kwake vizuri kuliko wengine, na ngege wetu amefuata nyayo zake.

Miaka ya 1970 Wanorwei walikusanya samoni kutoka mito yao ipatayo 40 wakaanza kuchagua mbegu. Kila kizazi waliweka kando familia zinazokua haraka, wakazizalisha, wakachagua tena. Kizazi cha samoni ni karibu miaka 4, kwa hiyo kazi hiyo ilihitaji subira. Leo samoni wa vizimbani ni mjukuu wa vitukuu wa wale wa mtoni, na ni mnyama wa kufugwa kweli kweli kama kuku wa nyama.

Watafiti walitaka kujua: huyu anakua haraka kwa sababu ya mbegu au kwa sababu ya chakula? Wakafanya jambo la akili. Walichukua mayai ya samoni wa kufugwa na mayai ya samoni wa mtoni, wakayaangua siku zilizokaribiana, wakawalea watoto ndani ya tangi moja, maji yale yale, chakula kile kile. Wa kufugwa waliwazidi wenzao uzito mara 2, mara 3, na pengine zaidi. Kisha wakaweka watoto wa aina zote mbili mtoni, kila mmoja ajitafutie. Huko tofauti ikasinyaa. Wa kufugwa walikuwa wakubwa kidogo tu, na wengi hawakufika mbali, kwa sababu samaki mwenye njaa kubwa hutoka mafichoni mapema na adui anamwona.

Ni kama watoto wawili wenye tumbo tofauti: sahani zikijaa utaona nani mlaji, sahani zikiwa tupu wote wanaonekana sawa. Mbegu inampa samaki uwezo, malezi ndiyo yanayouonyesha. Ukilishika hilo, nusu ya mwongozo huu umeshaipata.

Kuna pia suala la muda. Samoni wa Atlantiki aliye huru hukaa mtoni miaka 2 hadi 4, na kwenye baridi kali zaidi ya hapo, kabla hajawa tayari kushuka baharini. Wafugaji wanamfikisha hatua hiyo kwa mwaka mmoja hivi, wengine pungufu, kwa kumpa maji ya joto kiasi, taa na chakula cha kutosha. Akishaingia kizimba cha baharini, mwaka mmoja hadi miwili unamtosha kufika kilo 4 au 5. Hakuna muujiza hapo. Wamefuta miaka ya njaa.

Ngege anaingiaje? Mwaka 1988, huko Ufilipino, ulianza mradi wa kuboresha ngege uliofuata mbinu ile ile ya samoni, na wataalamu wa Norwei walishiriki. Walichukua ngege wa asili kutoka Misri, Ghana, Senegal na Kenya, wakawachanganya na waliokuwa wakifugwa Asia, wakaanza kuchagua familia. Kila kizazi kiliongeza ukuaji kwa asilimia 10 hadi 15. Na ngege hachukui miaka 4 kuzaa, anaweza kuzaa kabla hajatimiza mwaka, kwa hiyo faida ilijikusanya upesi. Kinachonichekesha ni kwamba samaki aliondoka Afrika, akasomeshwa Asia kwa mtaala wa samoni, na sasa sisi tunauliza amepewa dawa gani.

Siku ya kupima kizimba

Vifaa ni vichache: mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu, mizani kubwa ya kuning'iniza, ndoo mbili, wavu wa mkono wenye matundu laini usiokwangua magamba, ubao wenye rula iliyogongwa na kipande cha mbao mwanzoni ili pua ya samaki iguse sifuri, kipimajoto, na daftari lenye jalada gumu. Usiandike kwa kalamu ya wino. Tumia penseli, maji hayaifuti.

Pima asubuhi mapema kabla ya kulisha. Samaki aliyekula amebeba uzito ambao si wake bado, na mchana jua likiwa kali oksijeni ya kizimba kilichobanwa hupungua haraka mno. Siku ya upepo mkali ahirisha. Mizani juu ya boti inayoyumba inakupa namba unayoipenda, si ile iliyopo.

Sasa zingatia namna ya kuchota, maana hapa ndipo daftari nyingi nilizowahi kuletewa zinapoharibika. Ukirusha chakula kidogo juu ya maji kisha ukachota, utapata wale wakali wanaokimbilia juu, ambao ndio wakubwa. Wastani wako utapanda na utafurahi bure. Pandisha wavu wa kizimba upande mmoja taratibu, samaki wote wakusanyike upande wa pili, ndipo uingize wavu wa mkono mpaka chini na kuupandisha katikati ya kundi. Chota mara tatu au nne sehemu tofauti. Kwa kizimba cha samaki elfu chache, 50 hadi 100 wanatosha.

Uzito wa wastani unapatikana hivi: weka ndoo yenye maji kwenye mizani, ifanye isome sifuri, mimina samaki bila maji ya ziada, soma uzito, kisha wahesabu wakati unawarudisha. Gawanya. Hiyo ndiyo njia ya haraka. Lakini kati yao wapime 30 mmoja mmoja, uzito na urefu, kwa sababu wastani unaficha mambo. Wastani wa gramu 200 unaweza kuwa samaki wote wa 200, au nusu wa 300 na nusu wa 100. Hali hizo mbili ni tofauti kabisa, na ya pili inakwambia kwamba wakubwa wanawanyang'anya wadogo chakula na ni wakati wa kuwatenga.

Loweka mikono kwanza. Mkono mkavu unaondoa ute wa ngozi, na wiki inayofuata utaona ukungu mweupe mgongoni mwao.

Hesabu

Tuseme tarehe 1 wastani ulikuwa gramu 40, na baada ya siku 30 ni gramu 85. Ongezeko ni 45, gawanya kwa 30, unapata gramu 1.5 kwa siku. Mwezi uliofuata wakatoka 85 wakafika 145: gramu 2 kwa siku. Mfugaji mgeni atasema mwezi wa pili samaki wameamka. Sivyo. Samaki mkubwa huongeza gramu nyingi kwa sababu ni mkubwa. Tazama kwa asilimia.

Fungua kikokotoo cha simu, ilaze simu upande, utaona kitufe cha "ln". Chukua ln ya uzito wa mwisho, toa ln ya uzito wa mwanzo, gawanya kwa siku, zidisha kwa 100. Mwezi wa kwanza: ln ya 85 ni 4.44, ln ya 40 ni 3.69, tofauti 0.75, kwa siku 30 ni asilimia 2.5 kwa siku. Mwezi wa pili ukifanya vivyo hivyo unapata karibu asilimia 1.8. Gramu zimepanda, asilimia imeshuka, na samaki wako ni wazima kabisa. Ndivyo samaki wanavyokua, ngege na samoni sawasawa.

Kwa hiyo usilinganishe kwa gramu samaki wa ukubwa tofauti, na usilinganishe kwa asilimia pia. Linganisha wa gramu 100 na wa gramu 100. Mtu akikwambia vifaranga vyake vinakua asilimia 4 kwa siku na vyako vya gramu 300 asilimia 1, hajakushinda.

Namba ya tatu ni chakula. Samaki 1,000 walioongezeka gramu 45 kila mmoja wameongeza kilo 45. Kama mwezi huo ulitumia kilo 63 za chakula, gawanya 63 kwa 45: kilo 1.4 za chakula kwa kilo moja ya samaki. Kizimbani, chakula kizuri kinachoelea kikitumika vizuri, unatarajia kati ya 1.2 na 1.8. Ukipata 2.5, chunguza kwanza samaki waliokufa au kutoroka bila kuandikwa, halafu chakula kinachopeperushwa na mawimbi, halafu mkono wa mlishaji. Wizi wa chakula upo pia, tusijifanye hatuujui.

Wa ziwa utampimaje?

Hapa kazi ni ngumu, na wengi wanadanganywa na njia mbili.

Ya kwanza ni magamba. Gamba la samoni lina pete kama za shina la mti. Kiangazi chakula ni kingi, pete zinaachana. Baridi ikija zinabanana. Mtaalamu anahesabu sehemu hizo zilizobanana na kujua miaka, na hata anaweza kumtambua samoni aliyetoroka kizimbani, kwa sababu pete zake zimepangika kwa usawa wa samaki asiyejua njaa. Kijana mmoja aliyetoka mafunzoni alitaka kufanya hivyo hivyo kwa ngege wa hapa. Victoria haina baridi ya miezi sita. Alama kwenye gamba la ngege wetu zinaweza kutoka kwa kuzaa, kwa mvua, kwa ugonjwa au kwa njaa ya muda, na jike akitamia mayai mdomoni hali kitu cha maana kwa siku nyingi, nalo gamba linaandika. Kuhesabu umri hivyo bila maabara na bila kuthibitisha ni kubahatisha.

Njia ya pili ya kujidanganya ni sokoni. Watu wanasema ngege wa ziwa ni mkubwa kuliko wa kizimba. Bila shaka, sheria ya Uganda hairuhusu kuvua ngege wa ziwa aliye chini ya inchi 11, na nyavu zenye matundu makubwa huwaacha wadogo wapite. Unachokiona mezani kwa muuzaji ni wale waliobaki hai mpaka wakafika kimo hicho. Maelfu ya ndugu zao waliliwa na sangara, na ndege, na kamongo, yule samaki wa matope, na wao kwa wao. Wa kizimba naye anavunwa siku mnunuzi anapotaka samaki wa sahani moja, gramu 300 au 350. Kulinganisha makundi hayo ni kulinganisha uamuzi wa sheria na uamuzi wa mteja. Samaki hawajaulizwa.

Cha maana unachoweza kupima kwa samaki wa ziwa bila kujua umri wake ni unono. Pima urefu kwa sentimita, kuanzia puani hadi ncha ya mkia, na uzito kwa gramu. Zidisha uzito kwa 100, kisha ugawanye kwa urefu mara urefu mara urefu. Chukua ngege wa ziwa wa sentimita 28 na gramu 390: 39,000 gawanya kwa 21,952, unapata 1.78. Wa kizimba wa sentimita 25 na gramu 320: 32,000 gawanya kwa 15,625, unapata 2.05. Mifano hiyo inafanana na ninayoiona mara kwa mara: wa kizimba mnene kwa urefu wake, wa ziwa mwembamba kidogo. Jike mwenye mayai atakudanganya, kwa hiyo mpasue na uandike jinsia.

Ukishampasua, angalia tumboni. Wa kizimba ana mafuta meupe yaliyozunguka utumbo. Wa ziwa utumbo wake mrefu, uliojikunja, mara nyingi una kijani cha mwani, na wa Victoria siku hizi unakuta humo na wadudu na uduvi wadogo. Angalia na ncha za mapezi: samaki aliyesuguana na wavu na wenzake mara nyingi huwa na mkia uliolika. Wanaokagua samoni hutumia dalili hiyo hiyo.

Ukitaka jibu la kweli kabisa, fanya walivyofanya wa samoni: walee pamoja. Vizimba viwili vidogo vinavyofanana, vifaranga vya ukubwa mmoja, kimoja cha mbegu ya kituo cha kutotolesha, kingine cha wazazi wa ziwani, chakula na idadi sawa. Kabla ya kuchukua samaki wazazi kutoka ziwani, zungumza na afisa uvuvi wa wilaya. Kituo cha utafiti wa ufugaji samaki kiko Kajjansi, barabara ya Entebbe, na makao ya taasisi ya utafiti wa uvuvi yako hapa hapa Jinja. Ni watu wa kuulizwa.

Kwa nini wa kizimba anatangulia

Chakula ndicho mkubwa wao. Kifaranga anapewa chakula chenye protini asilimia 40 na zaidi, anayekaribia kuvunwa asilimia 28 hadi 32, kila siku, mlangoni. Mwani wa ziwani una lishe, lakini ngege anautafuta saa nyingi na anatumia nguvu kuutafuta.

Ya pili ni jinsia, na ndipo lilipo lile swali la dawa. Jike wa ngege akianza kuzaa, anaacha kula akitamia, kisha anaanza tena, kisha anazaa tena. Dume hana kazi hiyo, anakua. Ndiyo sababu vituo vingi hutotolesha vifaranga karibu wote madume, kwa kuwapa homoni ndani ya chakula wiki 3 hadi 4 za kwanza, wakiwa wadogo kama punje. Hapo inakoma. Haiendelei kizimbani, na miezi inayofuata mpaka kuvunwa mwili unaiondoa. Mimi mteja akiniuliza namwambia hivyo hivyo, sifichi. Mfugaji asiyetaka homoni anaweza kutenga madume kwa mkono wakifika gramu 20 au 30, ukitazama tundu la uzazi. Ni kazi ya macho na subira, na majike kadhaa watapita tu. Ukifuga madume na majike pamoja, kizimbani ni nafuu kidogo maana mayai hudondoka chini kupitia wavu, lakini bwawani baada ya miezi michache utakuta samaki wadogo tele wanaozaa wakiwa na kimo cha kiganja. Kule Albert viziwa vya pembeni vilivyojitenga vina ngege wa namna hiyo hiyo, wadogo na tayari wazazi, na ni damu moja na wale wakubwa wa ziwani. Samaki huyu akibanwa anachagua kuzaa badala ya kukua.

Joto sitalisemea sana. Ngege anapenda nyuzi 26 hadi 30, na chini ya 20 anakaribia kuacha kukua. Maji ya Jinja huwa kati ya 24 na 27 hivi. Ndiyo maana ndugu zetu wa Kabale wakinunua vifaranga vile vile na chakula kile kile wanavuna kwa kuchelewa. Samoni angekufa kwa joto letu, yeye anakua vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 15. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba samoni atafugwa Victoria.

Oksijeni ni upande ambao wa ziwa anamshinda wa kizimba. Ukuaji mzuri unataka angalau miligramu 5 kwa lita. Mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikufa Victoria upande wa Uganda na serikali ikaeleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua baada ya dhoruba kuvuruga maji. Sangara ni wa kwanza kuumia. Ngege ni mvumilivu, na aliye huru anahama. Wa kizimba anakula kidogo, anakua polepole, na maji yakigeuka kabisa anafia ndani. Kwenye daftari andika hali ya maji kila siku: rangi, harufu, kama samaki wanapumulia juu alfajiri. Mwezi ukuaji ukishuka bila sababu, sababu mara nyingi iko kwenye safu hiyo.

Mbegu nzuri, lakini usiimwage ziwani

Nina neno hapa, na sitalipunguza makali. Kule Norwei samoni waliotoroka vizimbani waliingia mitoni na kuzaa na wa asili. Jaribio maarufu la Mto Imsa lilionyesha kwamba samoni wa kufugwa alifanikiwa kuacha uzao kwa asilimia 16 tu ya alivyofanikiwa wa asili. Maana yake wanaingiza damu inayokua haraka tangini na kufa haraka mtoni. Mito mingi huko sasa ina mchanganyiko huo.

Ngege wa Victoria mwenyewe ni mgeni, alipandwa miaka ya 1950, na ngege wenyeji wa zamani wakapungua mno. Lakini Albert, Edward na George ni kwao kabisa. Mbegu ya asili ambayo mradi wowote wa kesho utaihitaji iko kule. Kwa hiyo kama unafuga Pakwach au Hoima, wavu wako uwe mara mbili, na vifaranga vilivyobaki usivimwage ziwani kwa kuhurumia. Wauze, wale, au wafanye chakula cha kuku.

Lini kuvuna

Ukiwa na namba za miezi mitatu unaweza kuamua bila kubishana na mtu. Chukua chakula cha mwezi uliopita kwa kilo moja ya ongezeko, zidisha kwa bei ya kilo ya chakula. Ikiwa 1.4 imekuwa 2, na bei ya mwaloni haijapanda kwa samaki mkubwa zaidi, kila wiki unayoongeza unamlisha samaki kwa hasara hata kama anaongeza gramu 3 kwa siku na anapendeza machoni. Mpishi wangu anataka gramu 350, mwanamke wa soko la Jinja anataka 500 na kuendelea kwa sababu anauza vipande. Nina vizimba vya mmoja na vizimba vya mwingine, na siku hizi siwachanganyi.

Ukivuna walio chini ya inchi 11, usiwapandishe kwenye gari kabla hujapata karatasi ya afisa uvuvi inayosema ni wa kufugwa na wametoka kizimba gani. Anayekagua samaki barabarani anapima kwa rula, na rula haijui kizimba. Piga nakala, moja ibaki na dereva, nyingine kwenye daftari, ukurasa ule ule wenye uzito wa siku ya kuvuna.